Damu Kutoka Timau

Timau,
Jumanne, 3 Juni 1958

Kwa ndugu Kasim,

Salamu zangu zikufikie hapo Embu, wewe na Rahema na mtoto. Natumaini hamjambo na kwamba mvua haijawaharibia njia. Najua hukutazamia kuuona mwandiko huu. Ni miaka miwili sasa hujanijibu, nami niliacha kuandika. Lakini usiichane barua hii kabla ya kuisoma yote, kwa maana ina habari za baba yako.

Mimi mwili wangu ni mzima. Baba yako si mzima.

Unajua kwamba mimi ndiye dresa, mtoa dawa wa kambi hii aliyofungiwa. Jana, kama saa nne asubuhi, mzee Sulemani alikuwa na wenzake kwenye shimo la mawe. Aliweka nyundo chini akakaa. Askari akamwambia, "Simama, mzee." Akamjibu, "Ningoje kidogo, kuna mtu amenikalia kifuani." Wenzake walicheka, maana unamjua baba yako kwa maneno. Halafu wakaliona jasho. Baridi ya huku unaijua, Kasim. Hakuna mtu anayetokwa na jasho akiwa amekaa.

Waliponiletea alikuwa rangi ya majivu. Maumivu yalianzia katikati ya kifua, yakapanda kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho. Alitapika mara mbili. Mapigo yake nilihesabu mia na kumi na mbili, tena yanarukaruka. Wewe na mimi tulisoma darasa moja. Sina haja ya kukuandikia ninachofikiri.

Bwana kambi alikuja akamtazama kutoka mlangoni. Akasema, "Huyu ni mchinjaji. Amekula nyama maisha yake yote, sasa posho inamsumbua tumbo." Nikamwomba gari limpeleke hospitali apimwe moyo kwa ile mashine. Akasema gari si la watu wenye tumbo. Ametoa amri mzee arudi kwenye mawe Alhamisi.

Akirudi kwenye mawe atakufa.

Mwezi uliopita, daktari wenu alipopita hapa kukagua kifua kikuu, alitueleza habari ya kipimo kipya cha damu. Alisema moyo ukiumia, kuna kitu kinavuja kutoka katika misuli yake na kuingia kwenye damu, na kwamba ninyi Embu mmeanza kukipima. Akakutaja kwa jina, wewe ndiye unayekipima. Basi leo saa moja asubuhi nimemtoa mzee damu bila ruhusa ya mtu. Nimeifunga kwa pamba ndani ya kopo la majani ya chai. Warsame, yule Msomali wa lori, anaichukua pamoja na ngozi zake. Yeye alikuwa akimletea baba yako ng'ombe kwa miaka, na nilipomwambia ni ya nani hakuuliza la pili.

Usijibu kwa posta, barua za kambi zinafunguliwa. Mpe Warsame. Wiki hii anahamisha ng'ombe, anapanda na kushuka kila baada ya siku mbili.

Ni mimi ndugu yako,
Elphas


Embu,
Jumatano, 4 Juni 1958

Elphas,

Salamu zako nimezipata. Rahema na mtoto ni wazima. Mama yuko Meru, hajui lolote, na wewe usimtumie mtu wa kumwambia. Kuna jambo moja nataka kukuuliza, nawe unalijua tangu zamani, lakini leo silo. Leo ni damu.

Kopo lilifika saa nane mchana. Nililifungua palepale. Damu imeharibika. Lori limeitikisa njia nzima kutoka huko juu, chembe nyekundu zimepasuka, na yale majimaji ya juu ambayo yangekuwa ya njano yamekuwa mekundu kama juisi ya zambarau.

Nilipima hata hivyo. Nilichanganya na dawa, nikaiweka saa nzima kwenye maji ya uvuguvugu, nikatia ile dawa ya rangi. Iligeuka kahawia nzito sana hata mshale wa mashine ukapita mwisho wa tarakimu. Mtu asiyeumwa hazidi arobaini. Hii ilikuwa juu ya mia mbili.

Sasa sikiliza. Kitu hicho hakikai kwenye moyo peke yake. Kimo pia ndani ya chembe nyekundu. Zikipasuka, hata damu yangu mimi nisiyeumwa itasoma hivyo hivyo. Kwa hiyo ile mia mbili haisemi kitu.

Daktari yuko Kerugoya mpaka kesho. Nilikuwa peke yangu na kitabu cha majibu kimefunguliwa. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina la baba na tarehe. Ilibaki tarakimu. Nani angejua? Chupa ningeimwaga, ningeandika mia mbili, daktari angeweka sahihi yake na baba angetolewa kwenye mawe. Nilikaa hapo mpaka kalamu ikakauka, nikaichovya tena. Halafu nikaandika "imeharibika, haikusomwa".

Usidhani ni wema. Niliogopa. Daktari ni mtu wa kurudia vipimo, na akigundua mara moja tu kwamba nimetia uongo kwa ajili ya baba yangu, hakuna damu nyingine ya baba atakayoiamini. Tena nataka kujua mwenyewe. Nataka kujua kama moyo wa baba umeumia au la.

Toa nyingine. Sindano iwe kavu kabisa, usivute kwa nguvu. Usiitikise. Iache isimame yenyewe mpaka igande, kisha fyonza maji ya njano tu, uyaweke kwenye chupa safi. Hayo ndiyo uyatume, yale mekundu yabaki huko. Yaweke penye baridi. Na fanya upesi. Kitu hiki hupanda siku ya kwanza na ya pili, halafu kinashuka. Siku ya sita hakuna kitu, mtu anaonekana kana kwamba hajaugua. Warsame atakufikishia hii Ijumaa asubuhi. Hiyo ni siku ya tano, ukihesabu na Jumatatu yenyewe.

Alhamisi umefanyaje? Wakati naandika sijui kama kesho watamrudisha kwenye mawe.

Mimi, mtoto wa Sulemani,
Kasim


Timau,
Ijumaa, 6 Juni 1958

Kwa ndugu Kasim,

Salamu, na Mungu akushike. Baba yako yuko hai. Naanza na hilo, najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi walimjia. Nikasimama mlangoni nikasema, "Huyu anahara damu." Wakarudi nyuma wote. Mwaka jana ugonjwa huo uliua watu hapa, na bwana kambi mwenyewe huuogopa kuliko bunduki. Akauliza kama nimeandika kwenye kitabu. Nikasema nimeandika. Nilikuwa bado, nikaingia ndani nikaandika. Kwa hiyo mzee ametengwa peke yake kwenye chumba cha mwisho, haendi kwenye mawe mpaka Jumanne. Wewe hukuandika uongo kwenye kitabu chako. Mimi wangu nimeuandika.

Chupa zimo mbili. Usishangae. Jumanne nilipoona jinsi lori lile lilivyoruka kwenye mawe ya geti, moyo haukutulia. Jumatano saa moja asubuhi nikamtoa damu tena, nikafanya kama tulivyofundishwa, nikaiacha igande nikafyonza maji. Nimeyaweka dirishani upande wa mlima siku mbili. Usiku maji ya ndoo yanashika barafu hapo, kwa hiyo nadhani hayajaharibika. Hiyo ndiyo chupa yenye uzi mweupe. Yenye uzi mweusi ni ya leo asubuhi, nimeitoa baada ya kusoma barua yako. Zote mbili ni za njano, safi. Warsame amesema atazishika mkononi mwenyewe na utingo ataendesha mpaka Chuka.

Leo mzee amekunywa uji. Maumivu yamepungua ila akigeuka tu kitandani anahema kama aliyepanda Kibirichia kwa miguu. Ameniuliza, "Damu hii mnaipeleka wapi, mnapika?" Nikamwambia anapelekewa Kasim. Akasema, "Mwambie asiimwage, ni ya Majengo ya Meru hiyo, haipatikani tena."

Sasa lile jambo. Hujaliuliza, nami sitaki ulisikie kutoka kwa mtu mwingine siku nikiwa sipo.

Ni mimi, Kasim.

Mwaka wa hamsini na sita, wakati naishi kwenu, Mbaka, yule gadi wa serikali, alinishika kituoni kwa siku mbili. Alitaka kujua nyama inayokwenda msituni kwa wapiganaji inatoka bucha gani. Pasi yangu alikuwa nayo mfukoni. Mama yangu walikuwa wamemweka nje, kwenye mvua, anaonekana dirishani. Mbaka akasema, "Taja mtu mmoja tu, uende na mama yako." Nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja, Ntinyari, akinunua vichwa vya ng'ombe kwa baba yako Jumamosi mbili mfululizo, naye mumewe yuko msituni. Baba yako alimuuzia kama alivyomuuzia kila mtu. Nikalitaja jina la baba yako. Nilikuwa nimekula chakula cha mama yako asubuhi ya siku waliyonishika.

Baadaye wakanipa kazi hii. Sikuiomba, lakini niliichukua. Kila siku kwa miaka miwili nimempa baba yako dawa kwa mkono huu. Hajui.

Fanya utakavyo na barua hii. Ila kwanza pima.

Ndugu yako,
Elphas


Embu,
Jumapili, 8 Juni 1958

Elphas,

Salamu. Huku ni wazima.

Chupa zilifika Jumamosi saa sita, zote nzuri. Nimesoma barua yako mara moja, nikaiweka mfukoni, nikavaa koti la kazi. Yaliyomo sitayajibu leo.

Yenye uzi mweupe, ya Jumatano, imesoma mia moja hamsini na mbili. Yenye uzi mweusi, ya Ijumaa, imesoma sabini na moja. Nimepima kila moja mara tatu, na katikati nikapima damu yangu mwenyewe kuona kama dawa ni nzima. Yangu ni ishirini na mbili.

Daktari alizitazama tarakimu hizo akiwa amesimama, kisha akakaa. Alisema chupa moja peke yake angeitilia shaka. Lakini mbili, moja ya juu na moja inayoshuka katika siku ambazo moyo ulioumia hushuka, hapo hana wasiwasi. Msuli wa moyo wa baba umekufa sehemu. Alisema pia kwamba mtu huyo hatakiwi hata kutembea kwenda chooni, sembuse kuvunja mawe.

Kuna kikwazo. Anataka kumwandikia daktari mkuu wa wilaya ya Meru ili baba aletwe hapa. Lakini amesema watamuuliza jambo moja tu: damu hii ni ya nani, na nani aliitoa? Chupa mbili zilizotoka kwenye lori la ngozi zinaweza kuwa za mtu yeyote. Anahitaji karatasi ya aliyeitoa, yenye siku na saa, na jina lake kamili. Na iseme kama baba alipigwa, kwa kuwa misuli iliyopondwa nayo hutoa kitu hicho hicho. Na iseme ana kuhara au hana, kwa maana kitabu chako cha kambi wataletewa wakilinganishe.

Unaona maana yake. Itabidi uandike kwamba ulitoa damu ya mfungwa bila ruhusa, ukaipitisha getini, na kwamba kitabu chako kina uongo.

Nilimuuliza daktari kama hakuna njia nyingine. Akasema, "Ungekuwa wewe umepokea barua hii, ungeamini bila jina?" Nikasema hapana.

Siwezi kukuamuru, wala sikuombi. Nimekuandikia ilivyo. Jumanne wanamrudisha.

Kasim


Timau,
Jumatatu, 9 Juni 1958

Ndugu Kasim,

Salamu kwenu nyote. Warsame ananingoja na injini inanguruma, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Karatasi hii hapa. Nimeandika saa na siku za damu zote tatu, hata ile iliyoharibika. Nimeandika kwamba askari alimsukuma kwa mguu akiwa amekaa, lakini nilimvua nguo nikamkagua mwili mzima, hakuna uvimbe wala alama. Hakuchomwa sindano yoyote ya msulini, ambayo nayo huumiza misuli. Nimeandika kwamba hana kuhara na hakuwahi kuwa nako, na kwamba nililiandika neno hilo kumzuia asitolewe. Jina langu nimeliandika lote, na la baba yangu Nyamu, na namba ya pasi.

Kesho wakija kumchukua nitawaambia hivyo hivyo kwa mdomo, na nitakaa naye chumbani. Sijui itakuwaje. Huko kwenu fanyeni haraka.

Ameuliza tena habari zako leo. Nimemwambia umesoma damu yake na ni ya kweli. Akasema, "Hata mimi ningewaambia hivyo bila chupa."

Ndugu yako,
Elphas


Embu,
Jumamosi, 14 Juni 1958

Kwa Elphas,

Salamu. Je, u mzima? Uko wapi?

Baba alifika jana saa tisa kwa gari la hospitali, na askari mmoja. Daktari wa wilaya aliipata barua Jumanne jioni, na Jumatano akaenda kambini mwenyewe. Mashine ya moyo imekubaliana na damu. Daktari alinionyesha mstari ulipovunjika, nikaangalia, nikatoka nje kidogo.

Baba amepungua nusu. Nilipomshika mkono nilihisi mifupa. Lakini alinitambua na kunitania kwa koti langu, akasema, "Umekuwa mchinjaji mweupe."

Anasema Jumanne asubuhi walipokuja ulikuwa umekaa kitandani pake miguuni. Bwana kambi alikuuliza mbele ya watu, nawe ukajibu. Wakakutoa nje. Wakamwacha yeye amelala, kwa sababu hakuna aliyejua tena la kuandika kitabuni. Baada ya hapo hajakuona. Alipouliza, askari walimwambia anyamaze.

Warsame jana alifika getini kambini wakamwambia hakuna dresa hapo. Nampa barua hii aizungushe mpaka akupate. Nijibu hata mstari mmoja.

Kasim


Kibirichia,
Jumatano, 2 Julai 1958

Ndugu Kasim,

Pokea salamu za huku kwetu. Warsame amenipata shambani, amebeba barua yako wiki mbili na nusu mpaka imenuka ngozi.

Niko hai. Walinifungia siku tisa, kisha wakanifukuza kazi. Cheti changu cha udresa wamekichukua. Pasi imefutwa, siruhusiwi kutoka kijijini bila barua ya mzungu mwenye cheo. Nachimba viazi vya mjomba. Siku tatu za kwanza waliniuliza mambo mengi, na sikio langu la kushoto halisikii vizuri tangu hapo. Lingine linatosha.

Mama yangu alifariki Machi mwaka jana. Sikukuambia, kwa kuwa hatukuwa tukiandikiana.

Sitaki unishukuru, na najua huna nia hiyo. Nataka kujua kitu kimoja tu: analala usiku? Wengi wenye ugonjwa ule hushindwa kulala chali. Mwekeeni mito miwili.

Elphas, ndugu yako kama utakubali


Embu,
Jumapili, 13 Julai 1958

Kwa Elphas,

Salamu, na pole kwa mama. Alinipikia mukimo wake wa viazi vya kuponda mara nyingi nilipokuja kwenu, na sikujua kwamba amezikwa.

Baba analala. Mito ni mitatu. Wiki ya tano sasa yuko kitandani, na daktari amesema Agosti ataruhusiwa kukaa kwenye kiti. Kambini harudi tena. Amri imetoka Ijumaa: akipona atapelekwa nyumbani Meru, asitoke mjini, aripoti kila wiki. Mama amekuja, analala kwetu, na kila siku anagombana na yule askari wa mlangoni kwa sababu ya viatu vyake vyenye matope.

Nilikaa na barua yako ya tarehe sita mfukoni kwa wiki tano. Daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Juzi nilimuuliza daktari kama sasa inawezekana, akasema polepole. Mama alipotoka kwenda kuswali, nikamsomea baba. Yote, mpaka pale uliposema ulikuwa umekula asubuhi ile.

Sikuwa na haja ya kuogopa mapigo yake. Niliyashika wakati nasoma, hayakuruka. Aligeuka akatazama ukuta mpaka jioni. Chakula alikirudisha. Mama akaniuliza nimemfanya nini.

Jana asubuhi akaniita. Akasema, "Yule mama aliyenyeshewa dirishani, yuko wapi?" Nikamwambia amekufa. Akasema, "Innalillahi." Halafu akasema, "Miaka miwili nimetengana na mke wangu kwa mdomo wa mtoto niliyemlaza nyumbani kwangu. Nina maneno ya kumwambia, na sitayatuma kwa barua wala kwa Msomali. Mwite aje."

Nikamuuliza maneno gani. Akasema hayo ni yake na yako.

Nilikwenda kwa daktari. Ndani ya bahasha hii kuna barua yake yenye muhuri, ya mzungu mwenye cheo kama walivyotaka, inayosema wewe ndiye uliyemhudumia mgonjwa siku za kwanza na kwamba anahitaji maelezo yako kwa mdomo hapa hospitalini. Ni kweli anayahitaji, anaandika habari ya ugonjwa huu kwa wenzake. Mwonyeshe chifu, wamwonyeshe wanayetaka. Warsame anapakia viazi Kibirichia Alhamisi. Kaa mbele naye, vaa kitu kizito.

Rahema amekutandikia kitanda. Nilipomweleza yote aliuliza kama kweli inafaa akutandikie, nikamwambia tandika.

Kwa upande wangu sitakudanganya. Siku nyingine nikiwa kazini nakumbuka umekaa miguuni pa baba Jumanne ile, na natamani kukuona. Siku nyingine nakumbuka siku walipomtoa bucha na aproni yake ya damu, mama anakimbia nyuma ya gari, na sitamani. Ijumaa utakaposhuka kwenye lori nitakuwa hapo barabarani. Sijui kama nitakupa mkono au nitashindwa.

Njoo hata hivyo.

Kasim